Kauntabuku, jedwali au programu ya kujitengenezea: utumie nini kufuatilia viwanja vya Bagamoyo?

Anayetafuta ardhi ya kuwekeza Bagamoyo hakosi taarifa. Simu yake imejaa picha za hati, sauti za madalali, ramani iliyopigwa picha ikiwa bado imekunjwa, na namba za wenyeviti wa Zinga, Kerege na Kiromo. Tabu huanza pale mwenzake anapomuuliza, "Lile shamba la Mapinga ulishalipekua?" naye akaanza kupekua simu badala ya kujibu. Hapo ndipo swali linapokuja: aandike kwenye kauntabuku, afungue Excel, au atengeneze kiprogramu chake mwenyewe?

Njia zote tatu zinatumika hapa mjini, na nimeona watu makini katika kila moja. Kinachonisumbua ni kuona mtu akitumia miezi kutengeneza programu ya viwanja vinne, na mwingine akiendesha biashara ya mashamba arobaini kwa daftari lisilo na tarehe. Wote wawili wanapoteza fedha ambayo ingelipia upekuzi, yaani ukaguzi wa kumbukumbu za ardhi.

Kumbukumbu zenyewe ziko wapi

Chombo chochote utakachochagua, kitabeba kile ulichokiweka. Kwa hiyo tuanze na vyanzo.

Ardhi yenye hati imesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Ukilipa ada unafanyiwa upekuzi rasmi, na majibu yake yanakuambia mmiliki aliyeandikishwa, muda wa miliki, na kama kuna rehani au zuio. Kwa Bagamoyo njia hiyo inapita ofisi za ardhi za Mkoa wa Pwani, Kibaha. Halmashauri nayo ina michoro ya mipango miji na ramani za upimaji, ambako utajua kiwanja unachoambiwa ni cha makazi kama kweli kimepangwa kwa makazi. Kwenye vijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka daftari la ardhi la kijiji na hati za hakimiliki ya kimila. Shamba la urithi mara nyingi lina kumbukumbu zake Mahakama ya Mwanzo, kwenye shauri la mirathi, na hapo ndipo utajua kama anayekuuzia ndiye msimamizi aliyeteuliwa au ni mmoja tu wa watoto saba. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomeka bure kwenye mtandao wa TanzLII. Matangazo ya kutwaa ardhi hutoka kwenye Gazeti la Serikali.

Marekani, kaunti nyingi huweka mtandaoni majina ya wamiliki, makadirio ya kodi na historia ya mauzo. Mtu wa huko huandika programu ikazikusanya usiku, asubuhi akakuta orodha ya nyumba zinazodaiwa kodi. Kwetu upekuzi ni wa hati mojamoja, na madaftari ya kijiji ni ya kufuata kwa miguu. Hivyo programu yako ya Bagamoyo italishwa kwa mkono, mstari baada ya mstari. Liweke hilo akilini kabla ya kuvutiwa na mifano ya mbali.

Vigezo vya kulinganisha

Nitapima kila njia kwa mambo matano.

Chanzo: je, inakuonyesha neno fulani limetoka kwa nani? Hiki kwangu ni kigezo cha kwanza, na Bagamoyo imetupa sababu. Makubaliano ya bandari ya Mbegani yalitiwa saini 2013, mradi ukasimamishwa 2019, mwaka 2021 ukaanza kuzungumzwa tena. Miaka yote hiyo, mashamba ya kuanzia Pande na Mlingotini hadi Zinga yamekuwa yakinadiwa kwa neno moja tu: bandari. Kumbukumbu nzuri lazima ioneshe bei hii imesimama juu ya tangazo la serikali au juu ya maneno ya barazani.

Uhai: majibu ya upekuzi ni ya siku ile uliyopekua. Zuio linaweza kuwekwa kesho yake. Je, chombo chako kinakukumbusha kuwa taarifa imezeeka?

Ardhi yenyewe: ukubwa, mipaka, umbali kutoka baharini na barabarani.

Gharama: fedha, na zaidi ya fedha, muda wako.

Kupokezana: ukiugua au ukisafiri, mke, mume, ndugu au mshirika ataweza kuendelea? Na je, majina na namba za watu ziko salama?

Kauntabuku

*Chanzo.* Hapa daftari lina nguvu ambayo wengi wanaidharau. Unaandika mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, anakusomea majina ya majirani wanne, unayaandika akiona, ukimwomba asaini pembeni mara nyingi hakatai. Stakabadhi ya ada ya upekuzi unaibana kwenye ukurasa uleule. Wazee wanaofahamu shamba lilitoka kwa nani huzungumza kwa utulivu mbele ya kalamu kuliko mbele ya simu.

*Uhai.* Hapa ndipo panapovuja. Ukurasa wa mwaka juzi umekaa kimya sawasawa na wa jana. Ukitaka daftari likukumbushe, acha kurasa za mwisho ziwe kalenda: kila mwezi orodha ya hati zinazotakiwa kupekuliwa upya.

*Ardhi.* Mchoro wa mkono unabeba mambo ambayo safu za Excel hazina mahali pa kuyaweka: mkorosho wa mpakani, kisima cha jirani, njia ya ng'ombe inayokatiza katikati. Hesabu za ukubwa utazifanya mwenyewe na kikokotoo.

*Gharama.* Bei ya daftari na kalamu. Halihitaji umeme wala bando.

*Kupokezana.* Ni nakala moja. Likilowa au likisahaulika kwenye bajaji, limekwenda na kila kitu. Piga picha kila ukurasa siku unapouandika.

Linamfaa anayefuatilia viwanja vichache, anayekwenda mwenyewe uwandani, na ambaye anataka kununua mara moja au mbili maishani.

Jedwali la Excel au Google Sheets

*Chanzo.* Kila kiwanja mstari wake, na kila dai liwe na safu mbili nyuma yake: nani kasema, na tarehe gani. Tenganisha "ukubwa kwa maneno ya muuzaji" na "ukubwa uliopimwa". Usiziunganishe kamwe, kwa sababu ambayo nitaieleza hapa chini. Udhaifu wake ni kwamba shamba lenye warithi watano, upekuzi mara mbili na kesi moja halitoshi kwenye mstari mmoja. Utaanza kubananisha maneno kwenye kisanduku kimoja, na baada ya muda hutajua lipi lilitangulia.

*Uhai.* Fomula ndogo inayotoa tarehe ya upekuzi kwenye tarehe ya leo, na rangi nyekundu ikizidi siku 60, inatosha. Ongeza safu ya sharti la kuendeleza. Hati nyingi za makazi humtaka mmiliki ajenge ndani ya miezi 36, na wapo wanaonunua kiwanja cha kutunza thamani bila kujua kwamba muda huo unahesabiwa, huku kodi ya pango la ardhi nayo ikitakiwa kila mwaka.

*Ardhi.* Jedwali linang'ara hapa, na nitakaa kidogo kwenye jambo moja: eka ya hatua.

Eka ya vipimo ni mita za mraba 4,047. Kwenye mashamba yetu eka huuzwa kwa hatua 70 kwa 70. Hatua ikiwa ndefu, kama sentimita 91, hesabu inakaribiana kabisa na eka halali. Lakini mtembeaji mwenye hatua ya sentimita 75 atakupa mita 52.5 kwa 52.5, yaani mita za mraba 2,756. Umepoteza karibu theluthi ya eka na hakuna aliyekudanganya kwa maneno.

Sasa iweke kwenye jedwali. Tuseme shamba hilo la "eka moja" linauzwa shilingi milioni 40, na kando yake kuna kiwanja kilichopimwa cha mita za mraba 600 kwa milioni 9. Kiwanja kinatoka shilingi 15,000 kwa mita ya mraba. Shamba, kwa eka halali, linatoka kama 9,900, na kila mtu atakuambia hiyo ni bei ya bure. Kwa eka ya hatua fupi linatoka kama 14,500. Tofauti imebaki shilingi mia tano kwa mita, na bado hujalipia upimaji wala hati. Safu moja tu ya bei kwa mita ya mraba, ikikokotolewa kwa ukubwa *uliopimwa*, inaweza kubadilisha uamuzi wote.

*Gharama.* Google Sheets haina malipo, na inafunguka kwenye simu. Utahitaji jioni chache kuipanga vizuri.

*Kupokezana.* Ni rahisi kuliko njia zote: ndugu aliye Dar es Salaam na aliye Muscat wanaona mstari uleule. Kuna hatari mbili. Ya kwanza ni mafaili kuzaana kila mtu na nakala yake. Ya pili ni mbaya zaidi: mtu akipanga upya safu moja peke yake, majina yanahama na jina la mmiliki linakaa kwenye kiwanja cha mwingine, bila dalili yoyote. Fungia safu za majina na namba za viwanja zisiguswe na asiyehusika.

Linawafaa wanaolinganisha viwanja kumi hadi hamsini, na wanaochangia fedha pamoja.

Programu ya kujitengenezea

Siongelei mfumo mkubwa. Naongelea hifadhidata ya SQLite, ambayo ni faili moja tu kwenye kompyuta, maagizo machache ya lugha ya Python, na programu ya QGIS kwa ramani. Zote ni za bure.

*Chanzo.* Hapa kila kumbukumbu inasimama peke yake. Unakuwa na jedwali la viwanja, jedwali la watu na jedwali la kumbukumbu, na kila kumbukumbu ina kiwanja chake, chanzo chake na tarehe yake. Hakuna kinachofutwa: upekuzi mpya unakaa juu ya wa zamani, na mabadiliko yanaonekana. Kama mwaka jana muuzaji alisema shamba ni lake na mwaka huu anasema ni la marehemu baba, programu inakuwekea kauli zote mbili pamoja.

Majina ya pwani ndiyo mtihani wake mkubwa. Mtu mmoja ni Hamisi kwenye hati, Khamis kwenye hukumu na Hamis kwenye barua ya mtaa. Salum, Salumu na Salim wanaweza kuwa mtu mmoja, au ndugu watatu wanaogombania shamba moja. Programu inaweza kukuonyesha majina yanayofanana. Isiachiwe kuyaunganisha yenyewe, maana hapo ndipo mtu anaponunua kwa kaka asiyehusika. Uamuzi huo ni wa kuuliza nyumbani kwao.

*Uhai.* Ni bora kuliko zote, ukiiagiza. Kila asubuhi inakupa orodha fupi: hati hizi upekuzi wake umezeeka, hizi sharti la kujenga linakaribia, hii kesi yake tarehe fulani.

*Ardhi.* Hapa panahitaji uangalifu mkubwa. Ramani nyingi za upimaji za zamani zina namba za mahali (koordineti) za mfumo wa Arc 1960, wakati simu na picha za setelaiti zinatumia mfumo mwingine, WGS 84. Kwa macho namba zinafanana: ya mashariki ina tarakimu sita, ya kaskazini ina tarakimu saba na inaanza na 9, zote za kanda ya ramani ya 37 kusini. Ukiziingiza QGIS bila kuitajia mfumo sahihi, kiwanja chako kitahama takribani mita 300. Mita 300 pale Kaole ni tofauti ya kuwa shambani na kuwa ndani ya mikoko. Chagua Arc 1960 kwa namba za ramani hizo, kisha iache QGIS ibadilishe. Halafu thibitisha kwa kiwanja ambacho bikoni zake (alama za mipaka) umezishika kwa mikono yako.

Ukishaweka mifumo sawa, faida yake ni ya kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito. Sheria ya Barabara ya 2007 imefanya hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Programu inaweza kukupigia alama kila kiwanja kinachoangukia humo, na kwa barabara inayokwenda Makurunge, Saadani, Pangani hadi Tanga, alama hizo zina thamani kubwa. Picha za miaka ya nyuma kwenye Google Earth nazo zitakuonyesha kama eneo hujaa maji au lilikuwa na nyumba ambazo sasa hazipo.

Lakini mstari wa ufukwe uliouchora ni wako, na simu hukosea mita kadhaa, hasa chini ya minazi. Alama nyekundu ikuongoze kwa mpima mwenye leseni. Isitumike kumkatalia au kumkubalia muuzaji.

*Gharama.* Fedha ni kidogo, muda ni mwingi. Kama unajua kuandika programu, hesabu wiki, na baada ya hapo marekebisho hayaishi. Kama unamlipa kijana akutengenezee, mlipe pia aandike maelezo ya kuitumia, na hakikisha data yote inatoka nje kama faili la kawaida la jedwali. Kijana akipata kazi Dodoma, programu isiyo na maelezo inabaki sanduku lililofungwa.

*Kupokezana.* Ndugu wasiozoea kompyuta hawataifungua. Na kuna sheria: tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, anayekusanya majina, namba za simu na vitambulisho vya watu kwa biashara anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda taarifa hizo. Sheria hiyo haibagui daftari na kompyuta, ila hifadhidata hunakiliwa yote kwa sekunde chache, kwa hiyo weka neno la siri na uchukue tu kile unachokihitaji. Namba ya NIDA ya mtu ambaye hujamfikia hatua ya mkataba haina kazi kwako.

Inawafaa wanaofuatilia makumi mengi ya viwanja kwa miaka, wanaosimamia mali za wengine, na wale ambao tayari wana kumbukumbu zilizopangwa.

Uchague vipi

*Unatafuta kiwanja kimoja cha kujenga.* Kauntabuku inatosha. Fedha na muda uliookoa upeleke kwenye upekuzi rasmi na mpima, na pekua mara ya pili siku chache kabla ya kulipa.

*Mko ndugu au kikundi mnaochanga, wengine wako mbali.* Jedwali la mtandaoni, mhariri awe mmoja, wengine wasome. Amueni mapema jina la kuandikwa kwenye hati, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 1999 haimmilikishi ardhi asiye raia isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na ndugu aliyechukua uraia wa nchi nyingine athibitishe kwanza sheria ya sasa inamhesabu vipi.

*Unawinda mashamba yasiyopimwa kati ya Kerege na Zinga.* Jedwali pamoja na QGIS, bila kuandika programu yoyote kwanza. Mipaka na ukubwa ndivyo vitakavyokugharimu, na QGIS inasoma jedwali lako lilivyo. Daftari libaki mfukoni kwa ajili ya majirani.

*Unataka nyumba ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo.* Chombo si tatizo lako. Nyumba moja inaweza kuwa na jalada zito: mirathi ya vizazi viwili, wapangaji, na masharti ya ukarabati ya idara ya Mambo ya Kale, chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Fungua faili la karatasi kwa kila nyumba, ukurasa wa kwanza uwe orodha ya nyaraka zilizopo na zinazokosekana, na kaa na wakili mapema.

*Unasimamia viwanja vya watu, au umezidi hamsini na bado vinaongezeka.* Programu inakufaa sasa. Anza na jedwali la kumbukumbu na tarehe tu, uishi nalo miezi michache, ndipo uongeze ramani na alama za tahadhari.

*Unajua kuandika programu lakini hujawahi kununua ardhi.* Fuata kiwanja kimoja kwa daftari tangu kwa dalali hadi kwa msajili. Utajua ni safu zipi zinahitajika, na utashangaa ni ngapi kati ya ulizofikiria hazina kazi.

*Unahama kutoka chombo kimoja kwenda kingine.* Hamisha viwanja vilivyo hai peke yake, na kila kimoja kirudie upekuzi kabla hakijaingia. Vilivyokwisha viache kwenye daftari la zamani, na daftari lenyewe lihifadhi pakavu, kwa sababu saini ya mwenyekiti wa wakati ule haipo mahali pengine.